Nyumba ya Kupanga au Nyumba ya Kupangisha? Mnyambuliko wa Kitenzi na Maneno ya Utafutaji Yanayosahaulika katika Tovuti za Biashara za Kiswahili

Ikisiri

Wafanyabiashara wanaofungua tovuti kwa Kiswahili hushauriwa kutafuta maneno ambayo wateja huyaandika katika mitambo ya utafutaji lakini washindani wao hawajayatumia. Ushauri huo kwa kawaida hujengwa juu ya tabia za Kiingereza. Makala hii inaeleza kwamba katika Kiswahili baadhi ya maneno yenye manufaa makubwa husahaulika si kwa sababu ni adimu, bali kwa sababu mnyambuliko wa kitenzi humlazimu mwandishi kuchagua upande mmoja wa biashara, naye huchagua upande wake. Kwa kutumia mfano wa upangishaji wa nyumba jijini Dar es Salaam, makala inaonesha jinsi mzizi -pang- unavyogawanyika kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Kisha inajadili upatanisho wa kisarufi, tahajia, majina ya mahali na msamiati wa bei kuwa vyanzo vingine vya maneno hayo, na inahoji uwezo wa zana za kuhesabu maulizo katika lugha yenye data chache.

1.0 Utangulizi

Katika mitaa ya Dar es Salaam kuna vibao vya aina mbili vinavyozungumzia nyumba. Kimoja hutangaza kwamba nyumba au chumba kinapangishwa. Kingine, ambacho kimezoeleka hadi kufanyiwa mzaha, huonya kwamba nyumba hii haiuzwi. Vyote viwili ni maneno ya mwenye nyumba: anaeleza anachotaka kufanya na mali yake, au asichokusudia kabisa kufanya. Mpangaji hana ukuta wa kuandikia. Kwa miaka mingi maneno yake yamekuwa yakisikika kwa dalali, kijiweni na kwenye simu, kisha yakapotea hewani. Kisanduku cha utafutaji kimempa mpangaji naye mahali pa kuandika, na anachoandika humo si “nyumba inapangishwa”. Huandika “nyumba ya kupanga”, “chumba cha kupanga Sinza”, au pengine “natafuta chumba cha kupanga bei nafuu”.

Tofauti ya kupanga na kupangisha ni ya silabi moja tu. Hata hivyo, tovuti iliyoandikwa yote kwa kauli ya mwenye nyumba inaweza kumkosa mtu aliyeandika kwa kauli ya mpangaji, ilhali wawili hao wanatafutana. Hili si suala la biashara peke yake. Ni suala la sarufi, na wanaisimu wa Kiswahili wana la kusema juu yake kuliko washauri wa masoko ya mtandaoni, ambao hadi sasa ndio wanaolizungumzia zaidi.

Kwa mintarafu ya makala hii, neno linalosahaulika ni neno au fungu la maneno lenye sifa tatu: kuna watu wanaoliandika wanapotafuta bidhaa au huduma, maana yake inalingana na kile ambacho mfanyabiashara anauza, na halimo, au limo kwa nadra, katika kurasa zinazouza kitu hicho. Kile anachoandika mtafutaji kitaitwa ulizo, hata pale kisipokuwa na umbo la swali.

2.0 Asili ya tatizo

Tatizo la watu wawili kukiita kitu kimoja kwa majina tofauti lilipimwa kabla ya kuwapo kwa mitambo ya utafutaji inayotumika leo. Furnas, Landauer, Gomez na Dumais (1987) waliwaomba watu wavipe majina vitu na amri za kompyuta, kisha wakakokotoa uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lile lile. Katika nyanja zote walizozichunguza, uwezekano huo ulikuwa chini ya asilimia 20. Pendekezo lao lilikuwa kwamba mfumo ukubali majina mengi kwa kitu kimoja badala ya kumtaka mtumiaji abahatishe lile moja alilolipenda mbunifu. Ushauri wote wa leo kuhusu maneno ya utafutaji unaweza kusomwa kama ufafanuzi wa pendekezo hilo.

Zipf (1949) alikwisha kueleza mvutano huo kwa namna nyingine: msemaji angependa neno moja litoshe kwa maana zote, na msikilizaji angependa kila maana iwe na neno lake. Matokeo ya mvutano huo ni mgawanyo unaofahamika sana katika isimu takwimu, ambapo maneno machache hutumiwa mno na maneno mengi mno hutumiwa mara chache. Katika biashara ya mtandaoni sehemu hiyo ya pili ilipata umaarufu baada ya Chris Anderson kuiandika mwaka 2004 kwa jina la mkia mrefu. Kampuni ya Google imekuwa ikieleza kwa miaka kadhaa kwamba takribani asilimia 15 ya maulizo ya kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Mkia, kwa hiyo, haupungui kwa kuhesabiwa.

Kuna sababu ya kutarajia kwamba mkia wa Kiswahili ni mrefu zaidi. Kiswahili ni lugha ambishi. Kitenzi kimoja hubeba nafsi, njeo, urejeshi, yambwa na minyambuliko ndani ya umbo moja la maandishi, na kila badiliko huzaa mfuatano mpya wa herufi. Mtambo wa utafutaji, katika tabaka lake la msingi, hufanya kazi kwa faharasa iliyopinduliwa: kwa kila mfuatano wa herufi huweka orodha ya kurasa ulimo. Kwa Kiingereza, kazi ya kukusanya maumbo ya neno moja ilirahisishwa mapema kwa kukata viambishi tamati. Kanuni ya Martin Porter iliyochapishwa mwaka 1980 ni mfano maarufu. Mkato wa aina hiyo hausaidii sana lugha ambayo upatanisho wake hukaa mwanzoni mwa neno. Inapangishwa, kinapangishwa, vinapangishwa na zinapangishwa ni tangazo moja kwa msomaji, na ni mifuatano minne kwa faharasa.

Ni kweli kwamba mitambo imesonga mbele. Mwaka 2019 Google ilianza kutumia modeli ya BERT kufasiri maulizo, kwanza kwa Kiingereza na kabla ya mwaka kwisha kwa lugha zaidi ya 70. Modeli za namna hiyo hukadiria ukaribu wa maana na hazifungwi na herufi peke yake. Lakini ukaribu huo hujifunzwa kutokana na matini, na pale ambapo matini ni chache makadirio hulegea. Isitoshe, kupanga na kupangisha si visawe. Mtambo unaovitenganisha haujakosea.

3.0 Mzizi -pang- na pande mbili za mlango

Katika mkabala wa nyumba, -panga humfanya mpangaji kuwa kiima: Asha amepanga chumba Tabata. Kiambishi -ish- humleta mwenye nyumba katika nafasi hiyo: Mzee Juma amempangisha Asha chumba. Kwa umbo, hii ni kauli ya kutendesha. Kimaana, hata hivyo, Mzee Juma hamsababishi Asha apange kama mtu anavyomlisha mtoto au kumlaza mgonjwa. Tukio ni moja, na kitenzi hubadilisha mahali pa kulitazamia. Uhusiano huu ni wa vinyume vya kimahusiano, kama ulivyo kati ya kununua na kuuza, isipokuwa hapa Kiswahili hakitumii mizizi miwili bali mnyambuliko. Kukopa na kukopesha, kukodi na kukodisha, vimo katika kundi hilo. Kuazima, ambako kwa wasemaji wengi hubeba pande zote mbili, kunaonesha kwamba si kila kitenzi cha aina hii kimekubali kugawanywa.

Hapa ndipo miongozo ya Kiingereza inapomwacha mfanyabiashara wa Kiswahili njiani. Kitenzi cha Kiingereza cha kupanga nyumba kinatumiwa na mwenye nyumba na mpangaji bila kubadilika umbo, na fungu la maneno linalotumika kwenye tangazo ndilo linaloandikwa na mtafutaji. Mwandishi wa mwongozo kama huo hana sababu ya kumwonya msomaji wake kuhusu upande. Kiswahili hakitoi nafasi ya kukaa katikati: anayetumia kitenzi hicho amekwisha kusema yuko upande gani wa mlango.

Kampuni inapoandika tovuti yake kwa uangalifu, mara nyingi huandika hivi: “Tunapangisha nyumba za makazi na biashara.” Sentensi hiyo ni sanifu, na kiima chake ni kampuni. Ikitaka urasmi zaidi huandika “huduma za upangishaji wa makazi”. Mwenye haraka hupitisha matini ya Kiingereza katika programu ya tafsiri na kupata “nyumba kwa ajili ya kukodisha”, fungu ambalo lina matatizo mawili kwa pamoja. Kwanza, bado liko upande wa mwenye mali. Pili, kwa wasemaji wengi wa Tanzania, kinachokodiwa ni gari, ukumbi, viti vya shughuli au turubai. Nyumba ya kuishi hupangwa. Nchini Kenya kukodi na kukodisha nyumba ni matumizi ya kawaida, kwa hiyo tovuti inayolenga Mombasa haiwezi kunakili msamiati wa tovuti inayolenga Mwanza.

Waliolitambua jambo hili mapema ni madalali. Dalali wa nyumba hutangaza “nyumba ya kupanga ipo Kimara”, ilhali yeye mwenyewe hapangi na wala hana nyumba. Amekopa kauli ya mpangaji. Kazi yake ya kila siku ni kusimama kati ya pande mbili, na sikio lake limezoea namna mteja anavyoanza mazungumzo. Muundo anaoutumia, yaani nomino, kihusishi cha a-unganifu na kitenzi-jina, una faida nyingine ambayo pengine haijamshughulisha: hauhitaji kiambishi cha nafsi wala njeo, na kwa sababu hiyo umbo la kupanga hubaki vile vile iwe ni nyumba, chumba, vyumba au fremu ya duka. Kinachobadilika ni ya, cha, vya au za tu, maneno ambayo mitambo huyapa uzito mdogo. Katika taaluma ya upatikanaji wa taarifa, Spärck Jones (1972) alionesha kwamba neno linalojitokeza katika nyaraka nyingi hubagua kidogo na neno la nyaraka chache hubagua zaidi. Viunganishi vya ngeli ni mfano dhahiri wa kundi la kwanza.

Ukoo wa -pang- hauishii kwenye vitenzi viwili. Kuna mpangaji, mpangishaji, upangaji na upangishaji. Kuna pango, neno ambalo katika mikataba humaanisha kodi ya kupangia, lakini pia ni shimo kubwa la mwambani; ulizo lenye neno hilo pekee linaweza kumpeleka mtafutaji wa mkataba kwenye Mapango ya Amboni kule Tanga. Kuna panga la kukatia majani, ambalo ni homonimu. Kuna mpango na mpangilio vinavyotokana na maana ya kuweka vitu katika utaratibu, na uzazi wa mpango juu yake. Mfanyabiashara anayechukua shina tupu na kulirudia katika ukurasa wake hajapata neno lililosahaulika. Kinachotenganisha maana hizi ni kile kinachoandamana na shina: mkataba wa pango, kodi ya pango, nyumba ya kupanga. Kodi nayo ina mtego wake, kwa kuwa ni malipo ya mpangaji na vilevile ni tozo ya serikali; kodi ya nyumba yaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, na anayeuliza juu ya moja hataki ukurasa wa nyingine.

Je, kila biashara ina mgawanyiko wa namna hii? La. Vitenzi vya huduma za mwili na mavazi vina tabia tofauti. Mwanamke aliyetoka saluni husema amesuka, ingawa aliyesuka ni msusi. Mwanamume husema amenyoa, na mwenye vazi jipya husema ameshona kitenge, bila kugusa wembe wala cherehani. Mteja na fundi wanatumia kitenzi kile kile, kwa hiyo msusi anayeandika “tunasuka” hajajificha kwa mteja anayeandika “kusuka nywele”. Hali ni tofauti tena hospitalini, ambako kupima ni kwa mtaalamu na kupimwa ni kwa mgonjwa, japo mgonjwa naye husema anakwenda kupima malaria. Taasisi za mikopo ziko karibu zaidi na mfano wa nyumba: taasisi hukopesha, mteja hukopa, na anayetaka fedha huandika “jinsi ya kukopa” au “nataka mkopo”. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kubandika juu ya kila kitenzi. Kinachohitajika ni uchambuzi wa kila kitenzi cha biashara husika, kwa kuuliza nani anakuwa kiima kinywani mwa mteja.

4.0 Ngeli na tahajia

Athari ya ngeli imekwisha kuguswa. Inatosha kuongeza kwamba umoja na wingi havina nguvu sawa katika Kiswahili. Mwenye duka hufikiria shehena: majiko ya gesi, milango, magodoro. Mnunuzi hufikiria kimoja: jiko la gesi, mlango wa mbao, godoro la futi tano kwa sita. Pale ambapo wingi hubadilisha mwanzo wa neno, kama mlango na milango, au hulibadilisha neno zima, kama jino na meno, ukurasa wenye upande mmoja tu huacha nusu ya ukoo nje. Daktari wa meno ndiye anayetafutwa, lakini kinachouma ni jino.

Tahajia ni eneo ambalo wataalamu wa lugha hulipuuza kwa sababu hulihesabu kuwa la makosa. Kibodi ya simu huweka ritifaa mbali, kwa hiyo kung'oa huandikwa kungoa na kung'arisha huandikwa kungarisha. Wako wanaobadilishana r na l, dh na z, th na s, au kudondosha h, kulingana na lugha zao za kwanza. Maneno ya mkopo huandikwa kwa njia mbili tatu: simenti na saruji ni maneno mawili, lakini simenti yenyewe ina sementi kandoni mwake. Haifai kampuni kuandika ukurasa kwa makosa ili imnase anayekosea, na kwa makosa ya kawaida mitambo hurekebisha yenyewe. Msaada huo hupungua pale ambapo umbo lililokosewa ni neno halali jingine, au pale ambapo mtambo haujaliona umbo sahihi mara za kutosha. Kwa maneno ya mkopo, kutumia maumbo mawili yanayokubalika ndani ya ukurasa mmoja si kosa. Ni hali halisi ya lugha.

5.0 Mahali, aina ya chumba na bei

Kwa mpangaji wa Dar es Salaam, maneno yenye taarifa nyingi zaidi katika ulizo lake huja baada ya kitenzi. Hutaja mahali, lakini si lazima kwa jina la kata. Majina ya vituo vya daladala ndiyo ramani ya jiji kwa wakazi wake wengi: Kimara Mwisho, Mbagala Rangi Tatu, Mbezi kwa Msuguri, Sinza Kijiweni. Tovuti inayotaja “Wilaya ya Ubungo” imesema kweli, na inaweza isimfikie mtu anayejua atashuka kituo gani akitoka kazini. Mbezi yenyewe ni mbili. Mbezi Beach iko upande wa bahari, na Mbezi ya Kimara iko kwenye Barabara ya Morogoro. Wenyeji hawazichanganyi, lakini ukurasa unaosema “nyumba Mbezi” humwita mtu wa huku na mtu wa kule, na mmoja wao ataondoka akiwa amepoteza muda.

Aina ya makazi nayo ina istilahi zake ambazo hazimo katika kamusi nyingi. Chumba na sebule ni kipimo kinachoeleweka bila maelezo. Chumba chenye choo na bafu ndani huitwa chumba masta. Kenya wana bedsita na singo. Kampuni inayoandika “makazi yenye chumba kimoja cha kulala na maliwato ya ndani” imetunga sentensi safi ambayo huenda hakuna mpangaji aliyewahi kuitamka. Msomaji wa jarida hili anaweza kusikitika kwamba masta imeshinda. Hata hivyo, neno hilo limekwisha kupata maana mahususi ya Kiswahili, maana ambayo Kiingereza hakina, kwani chumba masta chaweza kuwa ndicho chumba pekee alichopanga mtu.

Bei ndiyo inayosahaulika kwa urahisi kuliko vyote, kwa sababu mwandishi wa tovuti hudhani ameshaiandika. Ameandika Sh. 100,000. Mtafutaji ameandika “chumba cha laki moja”, au “chumba cha elfu 50 Tabata”. Laki na elfu ni maneno ya utafutaji kamili, na katika muundo wa a-unganifu yanafanya kazi ya kivumishi: chumba cha laki ni aina ya chumba. Hapa tena mwenye nyumba huiona bei kuwa sifa ya mwisho ya nyumba yake, na mpangaji huiona kuwa ya kwanza. Urefu wa malipo ya mwanzo, kama miezi mitatu au sita, uko katika hali hiyo hiyo. Wako wapangaji wanaotafuta chumba cha kulipia mwezi mmoja mmoja, na kurasa zinazolitaja sharti hilo kwa maneno hayo si nyingi, pengine kwa kuwa wenye nyumba wanaolikubali si wengi.

6.0 Zana na sifuri zake

Njia inayofundishwa kwa wingi ya kupata maneno haya ni kutumia zana zinazokadiria idadi ya maulizo kwa mwezi. Kwa lugha zenye watumiaji wengi mtandaoni, zana hizo zina manufaa. Kwa Kiswahili zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Neno ambalo maulizo yake ni machache hupewa sifuri au alama ya kutokuwapo, na makadirio mengine hutolewa kwa mafungu mapana mno. Hata ripoti ambayo Google humpa mwenye tovuti kuhusu maulizo yaliyomleta msomaji huficha maulizo adimu kwa ajili ya kulinda faragha. Maneno adimu ndiyo yanayotafutwa, na ndiyo yanayofichwa. Zaidi ya hayo, ulizo moja la Kiswahili limetawanyika katika maumbo mengi kwa sababu zilizoelezwa hapo juu; maumbo 10 yenye watafutaji wachache kila moja huonekana kama sifuri 10, ilhali kwa mwanaisimu ni leksimu moja yenye watafutaji wa kutosha.

Sifuri hizo zina matokeo. Mfanyabiashara anayeambiwa kwamba neno lake la Kiswahili halitafutwi huandika tovuti kwa Kiingereza. Kurasa za Kiswahili hupungua, mtambo hukosa cha kuonesha, na mtafutaji aliyeandika Kiswahili akapata orodha isiyomhusu hujaribu tena kwa Kiingereza chake kidogo. Ulizo lake la pili huhesabiwa kwa faida ya Kiingereza. Kipimo kinakuwa kimezalisha hali kinayodai kuipima, na anayeumia zaidi ni yule asiye na Kiingereza cha kumtosha kutafuta chumba, mkopo au daktari.

Zana isiyotegemea hesabu ni mazungumzo. Jumbe za simu ambazo wateja humtumia dalali, sentensi ya kwanza ya kila anayepiga, na maswali yanayorudiwa dukani yana maneno ambayo hakuna programu itakayoyatoa. Mapendekezo yanayojitokeza mtu anapoanza kuandika katika kisanduku cha utafutaji hufaa pia, hasa yakijaribiwa kwa mianzo ya mteja kama natafuta, nahitaji, bei ya, au jinsi ya, badala ya kuanza na jina la bidhaa. Baada ya hapo ndipo kazi ya sarufi inapoanza: kila shina lililopatikana hunyambuliwa, huwekwa katika umoja na wingi, hupewa viandamani vyake, kisha maumbo ambayo hakuna mteja angeyatamka huondolewa. Kazi hiyo ya kuondoa haifanywi na mashine kwa ukamilifu. Huhitaji umilisi wa mzawa wa eneo husika, na mzawa wa Zanzibar hatoshi kwa Arusha.

Msamiati nao husogea. Kishikwambi lilikuwa neno la watu wa istilahi hadi Tanzania ilipofanya sensa ya watu na makazi tarehe 23 Agosti 2022 kwa kutumia vishikwambi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa kwa walimu. Muuzaji wa vifaa vya kielektroniki aliyekuwa akilikwepa neno hilo kwa kudhani halitumiki alipaswa kulirudia. Rununu, kwa upande mwingine, linafahamika kwa wanafunzi wa Kenya kuliko kwa wateja wa maduka ya simu ya Tanzania, ambako simu ya bei ndogo huitwa kitochi bila aibu yoyote. Kamati za istilahi haziwezi kulaumiwa kwa hilo, wala wateja.

7.0 Ukurasa wenye sauti mbili

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba kuandika kwa maneno ya mtafutaji kutaharibu Kiswahili cha tovuti. Hatari hiyo ipo, lakini chanzo chake ni mbinu mbaya. Wako wanaorundika maumbo yote ya neno katika aya moja, kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuisoma: nyumba ya kupanga, nyumba za kupanga, kupanga nyumba, nyumba kupanga Dar. Sera za Google dhidi ya udanganyifu huhesabu mrundiko huo kuwa kosa. Kuyaficha maneno katika lebo ya msimbo iliyokusudiwa kwa maneno muhimu nako hakusaidii. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiitumii lebo hiyo katika kupanga matokeo.

Ukurasa mzuri huwapa wazungumzaji wote wawili nafasi, kila mmoja mahali pake. Kichwa cha ukurasa na vichwa vidogo hubeba kauli ya mteja: “Chumba cha kupanga Sinza Kijiweni, laki moja kwa mwezi”. Maelezo chini yake hubeba kauli ya mwenye mali kwa usanifu wote: chumba kinapangishwa kwa mkataba wa miezi sita, kina choo na bafu ndani, yaani chumba masta, na mpangishaji anaishi nyumba ya jirani. Kupanga, kupangisha, mpangaji, mpangishaji na pango vyote vitakuwamo bila mmoja wao kusukumwa, kwa kuwa kila kimoja kina kiima chake. Sehemu ya maswali inafaa kuandikwa kwa nafsi ya kwanza umoja ya mteja: “Naweza kulipa mwezi mmoja mmoja?” Fasihi simulizi imelizoea zamani jambo hili la kumwachia mhusika aseme kwa kauli yake.

Kwa watafiti, kuna kazi ambayo haijafanywa. Korpasi zilizopo za Kiswahili, ikiwamo ile ya Helsinki, zimejengwa zaidi kwa magazeti, vitabu na kumbukumbu za Bunge. Ndani ya matini za aina hiyo nyumba hupangishwa, mikopo hutolewa, na wagonjwa hutibiwa. Sauti ya anayepanga, anayekopa na anayeumwa jino hupatikana kwa kunukuliwa tu. Jumbe za wateja kwa madalali, zikikusanywa kwa idhini na kuondolewa majina na namba za simu, zingetoa korpasi ya upande wa pili. Swali la kwanza la kuiuliza korpasi hiyo ni jepesi kuhesabiwa: kwa kila kitenzi kinachonyambulika kwa -ish- au -esh-, ni mara ngapi msemaji aliye upande wa mteja hutumia umbo lisilonyambuliwa, na ni katika vitenzi gani yeye na muuzaji hukutana katika umbo moja kama wanavyokutana katika kusuka.